Daftari la Usiku wa Kayole

Ni daftari la kawaida la shule, jalada lake limechakaa pembeni, na ukilikuta mezani utadhani ni la mtoto. Nilikuwa nimeenda Kayole kuuliza watu wanavyoendelea na usajili wa bima ya afya ya SHA, na mazungumzo yalikuwa yamekwisha, mwenyeji wangu alipolifungua kutafuta namba ya simu. Niliyoyaona humo hayajanitoka akilini.

Kushoto mwa kila ukurasa kuna majina ya kina mama waja wazito. Kila jina lina ploti yake, ghorofa, na mwezi wa kujifungua. Anwani zenyewe ni za mtaani: geti la kijani nyuma ya kinu cha unga, ghorofa ya nne, ngazi hazina taa, ukifika kwa muuza makaa uliza, usipige honi, kuna mbwa. Kulia ni simu. Kuna bodaboda wanaokubali kubeba mama mwenye uchungu, maana si wote hukubali. Wengine wanaogopa damu, wengine wanaogopa abiria akiwafia njiani watapelekwa kituo cha polisi. Kuna mwenye Probox ambaye akishalala hasikii simu, kwa hiyo namba iliyoandikwa ni ya mkewe. Kuna kijana wa tuktuk ya maji, ambaye mitungi lazima ishushwe kwanza, na kando ya jina lake imeandikwa: mpigie mapema. Halafu kuna namba ya soja wa kituo cha afya, na wiki zake za zamu ya usiku.

Kurasa za nyuma ndizo zilizonishika. Hapo hakuna waja wazito wala madereva. Kuna orodha ya safari za usiku zilizoishia langoni mwa kituo hicho: tarehe, saa, nani alipelekwa na kwa nini, nani alijibu, alisema nini, na baada ya hapo walikwenda wapi. Majibu ni mafupi. Daktari hayupo. Stima imepotea. Sista yuko peke yake na ana mwingine kitandani. Nendeni Mama Lucy. Mahali pengine safu ya jibu ina mstari tu, kwa sababu hakuna aliyejibu.

Mwenye daftari ni mhamasishaji wa afya ya jamii, ingawa mtaani wanamwita daktari na yeye ameacha kuwasahihisha. Ni mmoja wa wale laki moja ambao Rais Ruto aliwazindua Septemba 2023 na kuwakabidhi mikoba. Wake unaning'inia nyuma ya mlango: kipima presha, kipima sukari, kipimajoto, mizani, utepe wa kupima mkono wa mtoto. Anaupenda na anausifu. Zamani, anasema, alikuwa akitazama tu miguu iliyovimba na kukisia.

“Sasa huu mkoba unaniambia presha ya huyu mama imepanda. Sawa. Ni saa nane za usiku. Nikishajua imepanda, niipeleke wapi?”

Swali lake si la kubahatisha. Presha ya mimba ikikolea inaweza kuleta kifafa cha mimba, na damu ikianza kumtoka mama baada ya kujifungua, inaweza kumuua ndani ya saa chache. Mama Lucy Kibaki iko karibu kwa kilomita, lakini ni hospitali inayotegemewa na Kayole, Umoja, Komarock, Dandora, Njiru na kwingineko, na ukirudishwa hapo unatazama upande wa hospitali za Pumwani au Kenyatta, jiji zima katikati. Kituo kidogo cha karibu kiliwekwa ili mama asianze safari hiyo bila hata sindano moja.

Daftari lilianza 2020, wakati wa kafyu. Kuanzia Machi 27 mwaka huo, saa moja jioni ilikuwa lazima uwe ndani. Daktari Jemimah Kariuki wa Kenyatta aliona kina mama wakichelewa hospitalini kwa kukosa usafiri, akaanzisha magari ya bure ya usiku kwa kupiga 1196. Mwenyeji wangu aliiandika namba hiyo ukurasa wa kwanza, kisha akaanza kuongeza za majirani chini yake. Kafyu iliondolewa Oktoba 2021. Daftari halikuweza kuondolewa.

Ilikuwa pia miaka ya kuhamahama. Afya ilikwenda kaunti 2013, ikachukuliwa na Huduma za Jiji (NMS) zilizoongozwa na Jenerali Badi 2020, ikarudi kaunti 2022. Septemba 2020 mama alijifungulia nje ya lango la Pumwani wahudumu wakiwa kwenye mgomo, na nchi nzima ikaona. 2024 madaktari waligoma siku 56, na maafisa wa kliniki, ambao ndio wanaobeba vituo vidogo, wakagoma pia. Oktoba mwaka huohuo bima ya zamani, NHIF, ikaondoka. Mwenyeji wangu hawalaumu waliogoma. “Sista aliye peke yake usiku kucha ananihurumisha kuliko mimi ninavyojihurumia.”

Anacholalamikia ni kwamba huduma inapungua bila mtu yeyote kusema imepungua. Yeye na wenzake waliwahi kusimama kwenye mkutano wa bajeti wa wadi wakapinga kufungwa kwa huduma za usiku. Ofisa mmoja aliwajibu kwamba hakuna waraka wowote uliofunga kituo chochote usiku. Na ni kweli, waraka haupo. Zamu haikujazwa, jenereta halikutiwa mafuta, aliyestaafu hakupata mrithi, basi. Utapingaje uamuzi ambao hakuna aliyeufanya?

Ndipo safari zilipoanza kuandikwa.

Katiba, kifungu cha 43(2), inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inakwenda mbali zaidi: inahesabu huduma ya kabla ya kufika hospitalini, kumtuliza mgonjwa na kupanga rufaa yake, vyote kuwa sehemu ya haki hiyo, na inakifanya kosa kitendo cha hospitali kukataa ilhali ina uwezo. Maneno hayo ya mwisho yananisumbua. Lango lenye mnyororo lina uwezo au halina? Na hiyo huduma ya kabla ya kufika hospitalini, kwa Kayole saa nane za usiku, ni nani zaidi ya mke wa mwenye Probox? Upande wa Mathare, Madaktari Wasio na Mipaka waliendesha ambulensi na simu ya bure, na watu wakaona inawezekana. Lakini kazi ya shirika ni mradi, na mradi una tarehe yake ya mwisho.

Niliuliza kwa nini asilikabidhi daftari kwa bunge la kaunti, au kwa wakili, liwe ushahidi. Alinitazama kama mtu aliyelijibu swali hilo mara nyingi usiku akiwa peke yake.

“Dadangu, humu kuna majina. Huyu alitoa mimba ikamgeuka. Huyu ana virusi, mumewe hajui. Huyu soja ndiye aliyekuwa akinifungulia geti kinyume cha amri. Nikilitoa, kesho hana kazi, na siku nyingine sina wa kunifungulia.”

Wenzake wamependekeza zinakiliwe zile kurasa za nyuma peke yake: tarehe, saa na jibu, bila jina la mtu. Yeye anahofia karatasi isiyo na majina itaambiwa ni porojo. Kikundi kimegawanyika juu ya hilo, na mkutano mwingine wa bajeti unakaribia. Wiki hii wameanza kuwatembelea kina mama walioandikwa, mmoja baada ya mwingine, kuuliza nani yuko tayari kutajwa.