UNAENDA SERENGETI NA FAMILIA? USINUNUE MEGAPIKSELI, NUNUA UMBALI



Kuna swali washikaji wa hapa Kigera na Musoma mjini wananiuliza kila likizo ikikaribia: "Tunaenda mbugani na familia, tuchukue kamera gani?" Nimekuwa nikijibu juu juu, lakini leo nalijibu lote, maana hata nyumbani kwetu swali hilo limeleta mabishano.

Safari yetu ni ya siku moja tu, Serengeti, kupitia lango la Ndabaka. Kwa wasiojua, unatoka Musoma, unapita Bunda, unafuata barabara ya Mwanza, na lango liko karibu na Lamadi, upande wako wa kushoto. Ukiingia pale uko kwenye ule upande wa magharibi wa hifadhi ambako Mto Grumeti unapita, na nyumbu huwa wanafika huko kati ya mwezi wa 5 na wa 7, kutegemea mvua. Hifadhi ina kilomita za mraba 14,763 na UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1981. Wazungu wanapanda ndege kuja kuipiga picha. Mwaka 1959 ilitoka filamu kuhusu Serengeti ya Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar. Lakini bibi yangu amezeekea huku huku Mara na hana picha hata moja akiwa ndani ya mbuga hiyo!

Sasa basi, tuko watu kumi na moja, michango imeshakusanywa. Mjomba anasema safari kama hii haijirudii, tununue kamera ya nguvu hata kama itabidi watoto wawili wabaki nyumbani. Mama anasema bora picha ziwe mbaya lakini wote twende. Nani yuko sahihi? Hebu tuende taratibu.

1. SIMBA YUKO MBALI KULIKO UNAVYODHANI

Kwenye harusi ukiona bibi harusi yuko mbali, unasogea. Mbugani husogei. Sheria ni kwamba hushuki kwenye gari isipokuwa sehemu zilizoruhusiwa, na gari haliachi barabara kwenda kumfuata mnyama. Kwa hiyo anayepanga umbali ni mnyama, sio wewe. Hapo ndipo kamera nyingi zinapofeli.

Kuna hesabu ndogo ambayo kila mtu anaweza kuifanya. Kwenye maelezo ya kamera tafuta namba ya lenzi kwa milimita, ile inayoandikwa "sawa na 35mm". Chukua umbali wa mnyama kwa mita, zidisha kwa 36, gawa kwa hiyo namba. Jibu ndio upana wa eneo litakaloingia kwenye picha, kwa mita.

Tuseme simba kalala mita 100 kutoka barabarani, na ana urefu wa mita 2 bila mkia:

- Simu ya kawaida (karibu milimita 26): picha inabeba upana wa mita 138. Simba wako ni kinukta. Utakuwa unawaambia watu "huyu hapa, angalia vizuri, pale chini ya mti..."
- Simu ya bei mbaya yenye lenzi ya pili ya kuvuta (tuseme milimita 120): mita 30. Anaonekana, lakini bado mdogo.
- Lenzi inayofika milimita 400: mita 9. Simba anachukua zaidi ya moja ya tano ya picha. Hapo mtu anasema "ebwana!"
- Lenzi inayofika milimita 1200: mita 3. Simba anajaza theluthi mbili ya picha, unahesabu hadi sharubu.

Ndio maana nasema nunua umbali. Mengine yote yanakuja baadaye.

2. MEGAPIKSELI NI NAMBA YA DUKANI

Nilipita kwenye duka moja (sitalitaja), nikaonyeshwa kakamera kepesi kama kichezeo, nje kameandikwa "48 MP" kwa maandishi makubwa. Muuzaji akaniambia hiyo inaishinda kamera ya mpiga picha wa harusi kwa sababu yake ina 18 tu. Wadau, msikubali!

Megapikseli moja ni vinukta milioni moja. Picha ya kawaida tunayosafisha studio, ile ya inchi 6 kwa 4, ikichapishwa safi kabisa inahitaji vinukta 1800 kwa 1200. Zidisha mwenyewe: milioni 2 na kidogo. Hata ukitaka picha ya ukubwa wa karatasi ya A4 ya kuweka ukutani, kama milioni 9 zinakutosha. Kwa hiyo kamera yoyote yenye 12 au 16 ina akiba.

Sasa zile 48 za bei rahisi zinatoka wapi? Kwenye nyingi, kipande kinachopokea mwanga ndani ni kidogo na kina vinukta vichache. Programu ya kamera inabuni vinukta vingine katikati ili namba iwe kubwa. Ni sawa na kuongeza maji kwenye uji: sufuria inajaa, unga ni ule ule.

3. ZUMU YA KWELI NA ZUMU YA KUDANGANYA

Zumu ya kweli ni ya lenzi: vioo vinasogea ndani, mara nyingi utaona lenzi yenyewe inatoka nje. Zumu ya kudanganya ni ya programu: kamera inakata katikati ya picha halafu inaikuza.

Chukua simu ya megapikseli 12, vuta mara 10 kwa programu tu. Umekata upana mara 10 na urefu mara 10, yaani umebaki na moja ya mia ya picha. Milioni 12 gawa kwa 100 ni vinukta laki moja na elfu ishirini. Na tumeona kusafisha picha ndogo kunataka milioni 2! Simu za siku hizi zinajitahidi kupaka rangi na kunyoosha, ila mwisho wake simba anakuwa kama kachorwa na mtoto wa chekechea. Teh teh.

Dukani uliza swali moja tu: "Zumu ya LENZI ni mara ngapi?" Akianza kuzunguka, aga uondoke.

4. KAMERA ZENYEWE SASA

(a) Simu uliyonayo. Kwa watu, chakula, gari, lango na video za watoto wakipiga kelele, inatosha kabisa. Kwa simba wa mita 100, hapana.

(b) Kamera ya zumu ndefu isiyobadilishwa lenzi. Ukiniuliza, hii ndio ya familia. Mfano Canon PowerShot SX70 HS ya mwaka 2018 inaanza milimita 21 hadi 1365, Panasonic FZ80 inafika 1200, Nikon P950 ya mwaka 2020 inafika 2000. Lenzi moja, hakuna cha kubadilisha, hata shangazi anaweza kuishika. Udhaifu wake ni giza: jua likizama picha zinaanza kuwa na chengachenga.

(c) Kamera kubwa ya kubadilisha lenzi. Picha safi zaidi, hasa asubuhi na jioni. Lakini angalia mtego. Inauzwa na lenzi ya 18 hadi 55, ambayo kwa mnyama wa mbali haina msaada mkubwa. Unahitaji lenzi nyingine, kwa mfano ya 55 hadi 250. Kwenye Canon ndogo kama 4000D unazidisha mara 1.6, kwa hiyo 250 inakuwa sawa na 400. Wengi wananunua mwili wa kamera, hela inaisha, wanaenda mbugani na lenzi ya harusi.

5. SURA ZETU ZISIWE NYEUSI TII

Watu wakikaa mbele ya dirisha la gari au anga jeupe, kamera inapima ule mwanga wa nyuma na sisi wenye ngozi nyeusi tunabaki vivuli, meno tu ndio yanaonekana. Tatizo hili ni la zamani. Kampuni ya Kodak kwa miaka mingi iliwapa wasafisha picha kadi za kupimia rangi zenye sura za wanawake wa kizungu, na mashine zikarekebishwa kwa ngozi hizo. Siku hizi watengenezaji wameanza kulishughulikia, kwa mfano Google walitangaza maboresho ya rangi ya ngozi kwenye simu ya Pixel 6 mwaka 2021.

Wewe fanya jaribio lako kabla ya kulipa. Msimamishe rafiki mlangoni mwa duka, mwanga uwe nyuma yake, piga. Halafu tafuta alama ya + na − kwenye kamera, peleka kwenye +1, piga tena. Kama sura imerudi, kamera inafaa. Kwenye simu unagusa uso kwenye kioo kisha unapandisha mwanga kwa kidole.

6. SISI TUMEAMUA HIVI

Baada ya kuwaeleza haya nyumbani, Mjomba mwenyewe alikuja na wazo: kwa nini tununue kitu cha siku moja? Wapiga picha wa harusi wana kamera na lenzi ndefu, na katikati ya wiki nyingi zimelala kabatini. Kwa hiyo tunakodi kamera moja yenye lenzi inayofika 400, tunasafiri siku ya kazi, na watoto wote wawili wamo kwenye orodha. Picha za sisi wenyewe zitapigwa kwa simu.

Ukikodi, fanyeni kwa maandishi: namba ya kamera, vifaa vilivyomo, hali ya kioo cha lenzi, na mmekubaliana nini ikiharibika. Piga picha kumi mbele ya mwenyewe, uzikuze pale pale uone kama zina doa. Ukinunua iliyotumika, fanya hivyo hivyo.

7. KABLA YA KUONDOKA

- Memori kadi: feki zipo kibao, imeandikwa GB 64 kumbe 8. Kwenye kompyuta ya Windows kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inajaza kadi yote na kukuambia ukweli. Usiku wa kuamkia safari utakuwa umechelewa, fanya mapema.
- Betri: ziwe mbili, au pawabanki kama kamera inachajiwa kwa waya wa simu. Porini hamna soketi.
- Mtikisiko: ukivuta mbali, mkono ukitetemeka kidogo tu picha imeharibika. Mwombe dereva azime injini, weka mfuko wa kilo mbili za maharage kwenye dirisha, lenzi ilale juu yake. Jioni mnarudi nayo maharage, mnapika.
- Vumbi: kamera ikae kwenye mfuko wa plastiki au kanga mpaka inapohitajika. Usibadilishe lenzi ndani ya gari linalotimua vumbi.
- Muda: asubuhi na jioni. Mchana hewa inacheza juu ya nyasi kwa joto, na hata lenzi ya milimita 2000 itakupa mnyama anayeyeyuka.
- Droni: usibebe. Hifadhini hairuhusiwi bila kibali.
- Ukirudi: kabla hujachomeka kadi kwenye kompyuta ya kafe, sogeza kile kitufe kidogo cha pembeni kiwe kwenye LOCK, virusi visiandike kwenye kadi yako. Nakili picha sehemu mbili tofauti. Halafu zisafishe japo kumi, maana simu zinaibiwa na kadi zinakufa, ila picha iliyo kwenye albamu ya bibi haihitaji chaji.

Na la mwisho kabisa: usikae siku nzima unachungulia kwenye tundu la kamera. Piga tatu nne, kisha mpe na mtoto naye aone tembo kwa macho yake.

Kwa wenye uzoefu wa Ndabaka au kule Ikoma, tupieni maoni hapo chini: mlikuwa na lenzi ya ngapi, na mnyama wa karibu kabisa alikuwa umbali gani? Na wewe uliyeonyeshwa kamera na hujui kama ni nzuri, andika jina lake kamili na namba za lenzi. Tufanye hesabu pamoja kabla hujatoa hela.