Ngumi Kileleni, Kikapu Bondeni

Ukivuka Uhuru Highway kuingia Central Park jijini Nairobi, macho hupanda yenyewe. Kileleni mwa Mlima Kenya wa kuchongwa umechomoza mkono, na ngumi yake imefumbata rungu. Hata asiyejua kusoma angemtambua mwenyewe. Rais Daniel arap Moi hakuonekana hadharani bila rungu lake, na Mnara huu wa Nyayo ulijengwa mwaka 1988 kuadhimisha miaka 10 ya utawala wake.

Mlima ule haukuwekwa pale kwa ajili ya pambo. Kwa Wakikuyu, Kirinyaga ni makao ya Ngai, na wazee walisali wakiwa wameuelekea. Jomo Kenyatta, rais wa kwanza wa Kenya, aliliweka jina la mlima huo kwenye kitabu chake cha mwaka 1938. Nchi nzima nayo inaitwa kwa jina la mlima huo. Moi, mtoto wa Baringo, hakuzaliwa kwenye miteremko yake, lakini mkono wake unatokea pale panapokaa Mungu. Hakuna hotuba ambayo ingethubutu kutamka wazi kwamba utawala huu umetoka juu. Jiwe lilitamka.

Njoo sasa Uhuru Gardens, Barabara ya Lang'ata. Hapa ndipo bendera ya Uingereza iliposhushwa na ya Kenya kupandishwa, usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963. Kenyatta alipanda mti mahali hapo, na hakuchukua mche wowote tu: alipanda mugumo. Chini ya mugumo wazee wa Kikuyu walichinja kondoo wa kuombea mvua, na kuukata ulikuwa mwiko. Masimulizi ya Wakikuyu yanasema mtabiri Mugo wa Kibiro aliagua kwamba mugumo mmoja wa Thika ukianguka, Mzungu ataondoka. Kwa msikilizaji wa masimulizi hayo, mugumo mchanga palipopandishwa bendera ulikuwa hati ya umiliki yenye mizizi.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1983, ukasimamishwa hapo mnara wa mita 24 wenye mikono iliyoshikana na njiwa wa amani. Njiwa huyo kila anayemjua Nuhu anamwelewa: gharika imekwisha. Ikumbukwe kwamba jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 lilikuwa halijatimiza miaka miwili. Amani iliyochongwa juu ya nguzo ile ilikuwa pia onyo.

Sanamu inayogusa moyo kuliko hizo iko Uhuru Park, kwenye pembe iitwayo Freedom Corner. Mwaka 1989 mwanamazingira Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kumeza bustani hiyo, na mpango ukaachwa. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula hapo hapo. Polisi walipowavamia, baadhi yao walivua nguo, laana nzito kuliko zote ambazo mama anaweza kutoa. Baadaye Kanisa Kuu la All Saints, lililo jirani, likawapa hifadhi.

Septemba 2015 ikazinduliwa hapo sanamu yenyewe, kumbukumbu ya Mau Mau waliopigana na ukoloni. Haina mlima wala njiwa. Mwanamke anampa mpiganaji kikapu cha chakula, na hawatazamani. Nyuso zimegeuzwa makusudi, ili atakayekamatwa na kuteswa asiwe na sura ya kuitaja.