Tatizo ni Sakafu, si Sikio

Wapigaji wanapoanza na vumi na chapuo kwa pamoja, sauti za ngoma hizo mbili hazimfikii mchezaji kwa namna moja. Chapuo ina sauti nyembamba na kali, inayokwenda moja kwa moja masikioni. Vumi ni zito. Mlio wake huingia kwenye mbao za jukwaa, kwenye benchi ulilokalia, hadi kifuani. Aliyesimama karibu nalo hutikisika, awe anasikia au hasikii. Kwa kiziwi anayependa kucheza, vumi ndilo linalobeba muziki.

Wengi huuliza: anachezaje na hali hasikii? Wanaouliza hivyo wameshalikabidhi sikio hatimiliki ya mdundo. Sauti ni mtikisiko, na mwili una zaidi ya mlango mmoja wa kuupokea. Sikio zima la kijana hupokea mitikisiko ya kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Ngozi nayo hupokea, ila hukomea kwenye 1,000 hivi, na huhisi vizuri zaidi karibu na 250. Ndani ya ngozi ya viganja na nyayo kuna vipokezi vidogo vyenye matabaka kama kitunguu, vilivyopewa jina la Filippo Pacini, tabibu wa Italia aliyevichunguza katika karne ya 19. Kazi ya vipokezi hivyo ni kunasa mtikisiko. Mapigo ya vumi na gitaa la besi yamo ndani ya uwezo wake. Mlio wa kayamba na matoazi kwa sehemu kubwa huvipita.

Ubongo nao hujipanga upya. Mwaka 1998 watafiti wa Finland walimpima mtu mzima aliyezaliwa kiziwi, wakaona kwamba mtikisiko unaogusa mkono wake uliamsha eneo la ubongo ambalo kwa wengine hushughulikia sauti. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2015, uliwataka watu wagonge kidole kufuata taa inayowaka na kuzimika. Viziwi waliifuata kwa usahihi zaidi kuliko wanaosikia. Kwa hiyo anayedhani kiziwi hucheza kwa kubahatisha, au kwa kumwiga jirani tu, amekosea.

Mfano ni mchezaji Tai Lihua wa China, aliyepoteza usikivu akiwa na miaka 2 baada ya homa kali. Katika shule yake ya viziwi, mwalimu alipiga ngoma ndefu ya kusimama, ya jamii moja na msondo wetu, juu ya sakafu ya mbao, na watoto wakaupokea mdundo kwa miguu. Mwaka 2005 aliongoza kundi la wachezaji viziwi 21 katika ngoma ya mungu wa kike mwenye mikono elfu, mbele ya taifa zima kwenye televisheni. Tazama jinsi inavyopangwa: wachezaji husimama mmoja nyuma ya mwenzake katika mstari ulionyooka, mikono ikifunguka kwa zamu kwa tofauti ya sehemu ndogo ya sekunde. Pembeni mwa jukwaa wako viongozi wanaotoa ishara za mikono kufuata muziki. Macho, nyayo na mazoezi ya miaka mingi vinafanya kazi pamoja, na anayefika hapo bila mazoezi hayo hataokolewa na mtikisiko peke yake.

Evelyn Glennie, mpigaji ngoma wa Scotland ambaye usikivu wake ulikuwa umeharibika vibaya kufikia miaka 12, alifundishwa kwa njia ya kushangaza. Mwalimu wake alipiga timpani, zile ngoma kubwa za shaba za okestra, naye akaweka viganja ukutani hadi akaweza kutenganisha noti kwa kutambua zinamgusa wapi mwilini. Noti za chini alizipata miguuni, za juu usoni na shingoni. Hadi leo hupanda jukwaani bila viatu, na mwaka 2012 aliongoza wapiga ngoma katika ufunguzi wa Olimpiki ya London.

Sasa njoo kwenye kumbi zetu. Nyingi zina sakafu ya zege, ambayo ni nzito na haitikisiki kirahisi. Spika zimeinuliwa juu ya vyuma na kuelekezwa kwenye vichwa vya watu. Kiziwi akisimama hapo na viatu vya soli nene, anabakiwa na kile kinachopita hewani hadi kifuani, tena kama yuko karibu. Hapo huchelewa nusu hatua, na watu husema ni kwa sababu hasikii! Mpe jukwaa la mbao lenye uwazi chini, laza sabufa juu yake, mwache avue viatu, uone. Hata singeli yenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika haimshindi. Kati ya pigo na pigo kuna chini ya theluthi ya sekunde, na kwa ngozi huo ni muda wa kutosha kabisa.

Mipaka ipo. Ngozi hutofautisha noti zilizokaribiana kwa shida sana, kwa hiyo utamu wa melodi na maneno ya wimbo huhitaji mkalimani wa lugha ya alama. Wapo pia viziwi ambao muziki hauwavutii hata kidogo, na hawadaiwi maelezo. Kosa ninaloliona sana ni kupandisha sauti ya kila kitu. Viziwi wengi wana mabaki ya usikivu, hasa kwa sauti nzito, na kelele kali huyamaliza. Tena huwaumiza na wanaosikia. Kinachotakiwa ni besi ifike sakafuni.

Wenye kumbi, walimu wa ngoma na waandaaji wa matamasha: jengeni jukwaa la mbao, hata dogo. Mulikeni mikono ya mpiga ngoma ili ionekane kutoka nyuma. Mkalimani asimame upande huohuo wa wapigaji, macho yasigawanyike. Na viziwi waiteni siku ya kujaribu vyombo, kabla spika hazijapangwa, wawaonyeshe zikae wapi.