Chembe changa zilizofundishwa kukomaa

Mwaka 1985, katika hospitali moja ya watoto jijini Shanghai, China, alilazwa binti wa miaka 5 aliyekuwa akivuja damu na kuungua kwa homa. Uboho wake ulikuwa umevamiwa na saratani ya damu ya aina ambayo wakati ule iliogopwa kwa kuua haraka kuliko nyingine zote. Daktari mmoja, Wang Zhenyi, akashauri apewe dawa ya kumeza iliyokuwa ikitengenezwa nchini humo kwa ajili ya magonjwa ya ngozi. Dawa hiyo ilitokana na vitamini A. Saratani ikatoweka.

Habari hiyo niliikuta nikitafuta jibu la swali ambalo huulizwa kila kukicha: je, vitamini husaidia maradhi ya uboho? Kwetu, mtu akiambiwa damu imepungua, ndugu hukimbilia duka la dawa kununua chupa ya vitamini kabla hata majibu ya maabara hayajatoka. Wapo wataalamu wanaoupuuza mkimbio huo. Lakini habari ya Shanghai imeniganda akilini, kwa sababu inaonyesha kwamba ndani ya mkimbio huo kuna chembe ya ukweli, na pia kuna hatari.

Uboho ni kiwanda cha damu, hilo tunalijua tangu shuleni. Kinachonivutia ni jinsi chembe zinavyokua humo. Chembe nyeupe huzaliwa changa, kisha hupita hatua baada ya hatua hadi zipevuke na kuingia kwenye mishipa kupambana na vijidudu. Katika saratani aliyoumwa yule binti, chembe hukwama katikati ya safari. Hazikomai wala hazifi, bali hujazana tu. Ukizitazama kwa hadubini, unaona zimesheheni punje nyekundu-zambarau, na ndani ya baadhi yake kuna vijiti vyembamba vilivyolala pamoja kama tita la kuni. Zikipasuka, hutoa vitu vinavyovuruga mgando wa damu. Mgonjwa hutokwa damu kwenye fizi na puani, hupata madoa chini ya ngozi, na mara nyingi kinachomuua ni damu kuvujia kwenye ubongo.

Matabibu wa zama hizo walifuata njia ya dawa ya moto ni moto: sumu kali ya kuua chembe mbovu, na nzuri zikaungua nazo. Wang, aliyezaliwa mwaka 1924 na kuhitimu udaktari mwaka 1948, aliona wagonjwa wengi wakifa katika vita hiyo. Alikuwa amesoma kazi ya Leo Sachs wa Israeli, aliyeonyesha kwamba chembe za saratani ya damu za panya zinaweza kushawishiwa zikomae. Wang mwenyewe ameeleza wazo lake kwa kurejea mafundisho ya Confucius: aliyepotoka afundishwe kwanza, asikimbiliwe kuuawa. Aliuliza, kwa nini chembe iliyopotoka isifundishwe kazi yake?

Marekani, watafiti walikuwa wakijaribu asidi ya retinoiki, itokanayo na vitamini A, ya muundo mmoja. Wang hakuwa nayo. Iliyopatikana China ilikuwa ya muundo mwingine, ambayo leo madaktari huiita ATRA. Akatumia iliyokuwepo, na ndiyo iliyofanya kazi.

Mwaka 1988 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 24. Wanane kati yao walikuwa wameshashindikana kwa tibakemikali. Wote 24 damu yao ilisafika, ingawa mmoja alihitaji kuongezewa dozi ndogo ya dawa nyingine. Uboho haukuangamizwa kama inavyotokea kwa sumu kali, na madhara waliyoyaandika yalikuwa midomo na ngozi kukauka, kichwa kuuma mara mojamoja na tumbo kuchafuka. Lakini hawakuficha jambo: wanane kati yao ugonjwa uliwarudia baada ya miezi 2 hadi 5.

Baadaye, katika damu ya wagonjwa wanaotumia dawa hii, madaktari waliona chembe zenye kiini kilichogawanyika, alama ya chembe iliyokomaa, na humohumo vile vijiti vya saratani bado vipo. Maana yake, chembe mbovu hazikuwa zimeuawa na nafasi yake kuchukuliwa na nyingine. Ni zilezile, zimekua. Mimi nimelisoma hilo mara nyingi na bado linanisisimua.

Sababu ilijulikana mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika ugonjwa huu, vipande vya kromosomu ya 15 na ya 17 hubadilishana mahali, na jeni inayoharibika ni ile ya kipokezi cha vitamini A chenyewe. Wang alikuwa ameshika ufunguo kabla mtu yeyote hajaiona kufuli. Leo dawa hiyo ikiunganishwa na aseniki, wagonjwa wengi sana hupona kabisa. Wang hakuomba hataza.

Sasa turudi dukani. ATRA si vitamini ya chupa, na karoti, papai au maini havitibu saratani ya damu. Vitamini A ikizidi huumiza ini, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Hata ATRA yenyewe huweza kuleta homa na maji kwenye mapafu, hivyo hutolewa chini ya uangalizi wa hospitali.

Ziko hali ambazo vitamini ndiyo tiba hasa. Anayekosa vitamini B12 au asidi ya foliki, uboho wake hutoa chembe kubwa zisizopevuka, na akipewa inayokosekana huinuka. Watoto wenye selimundu huandikiwa foliki kwa kuwa uboho wao hufanya kazi mara dufu kufidia chembe zinazovunjika. Lakini anayekosa B12 akimeza foliki peke yake, damu inaweza kuonekana nzuri huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Hapo chupa iliyonunuliwa kwa mapenzi huwa imemficha adui.

Yako maswali yasiyo na jibu. Mwaka 2017 tafiti za panya zilionyesha kwamba vitamini C hutuliza chembe mama za uboho zinazoelekea kwenye saratani. Je, itakuwa hivyo kwa binadamu? Na kwa nini elimu ya Wang imekubaliwa na chembe za aina moja ya saratani ya damu, huku nyingi nyingine zikiikataa?

Ndugu msomaji, ukiona fizi zinatoka damu bila sababu, madoa mwilini au uchovu usiokwisha, usianzie kwenye rafu ya vitamini. Nenda hospitali, udai kipimo cha picha kamili ya damu. Na kwa wenye dhamana ya afya: ATRA imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2015. Mgonjwa anayeihitaji hana wiki za kusubiri iagizwe. Iwekwe stoo kabla hajafika.