Mota ya kubadili njia: kishindo au utaratibu?

Mjini London, wenye klabu ya reli za mfano iliyoanzishwa mwaka 1910, nafasi nyumbani ni finyu, na uchaguzi wa mota ya kubadili njia ya treni huanzia hapo.

Mota ya koili mbili za sumaku-umeme ni ndogo na nafuu. Kitufe kikibonyezwa, reli zinazosogea hurukia upande wa pili kwa kishindo. Kidole kikichelewa, koili huungua. Mota ya mwendo wa polepole ni ghali na huhitaji nafasi chini ya ubao, lakini huendelea kuzibana reli hizo, na huo ndio ubora wake. Uwazi mdogo ukibaki, gurudumu hupenya na treni huacha njia.

Katika reli halisi matokeo ni mauti. Mei 10 mwaka 2002, treni kutoka King's Cross iliacha njia Potters Bar, kaskazini mwa London, ambako nati za sehemu kama hiyo zilikutwa zimelegea. Watu 7 walikufa.

Kwa fundi wa nyumbani, mota na reli ziwekwe kwanza katikati ya mwendo wake, zijaribiwe pande zote mbili, ndipo skrubu zikazwe.