Kura za Agosti: Orodha Inayozua Ubishi Kabla Mpira Haujachezwa

Tarehe 24 Agosti 2024, katika uwanja wa Aviva mjini Dublin, Ireland, mchezo ulikuwa umebakiwa na sekunde za mwisho na timu mbili za futiboli za vyuo vikuu vya Marekani zilikuwa sare ya 21-21. Mpigaji wa Georgia Tech, Aidan Birr, akarudi nyuma, akapima hatua zake, akaupiga mpira kutoka yadi 44. Ukapita katikati ya milingoti, na muda ukawa umekwisha. Florida State wamelala 24-21.

Wiki mbili hazikuwa zimetimia tangu waandishi wa michezo wa Marekani wawape Florida State nafasi ya 10 kwa ubora nchini kote. Georgia Tech hawakuwamo hata kwenye 25 bora. Na balaa halikuishia Dublin: Florida State walimaliza msimu wakiwa wameshinda mechi 2 na kupoteza 10, wakiburuza mkia katika ACC, konferensi (umoja wa vyuo wenye ligi yake) ambayo walitabiriwa kuitawala.

Mtu angedhani baada ya aibu hiyo watu wangeacha kuzijali orodha za namna hiyo. Wapi! Agosti iliyofuata orodha mpya ilitoka, na mashabiki kuanzia Alabama hadi Oregon wakaidaka kama kawaida: nani kapandishwa bure, nani kadhulumiwa, konferensi ipi ina timu nyingi na ipi imesahauliwa. Msomaji aliyezoea soka anaweza kuushangaa ubishi huu juu ya mechi ambazo hazijachezwa. Lakini mashabiki hao wana sababu ya kubishana, nayo imo katika namna mchezo wenyewe ulivyojengwa.

Katika Ligi Kuu ya England, timu 20 hukutana zote, nyumbani na ugenini, na baada ya mechi 38 msimamo wa ligi hujieleza wenyewe. Futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu haina msimamo wa aina hiyo. Mwaka 2025 daraja lake la juu lilikuwa na timu 136, na kila moja hucheza mechi 12 tu kabla ya fainali za konferensi na hatua ya mtoano. Mchezo huu unaumiza miili, na wachezaji hawawezi kuingia uwanjani kila siku ya tatu kama wanasoka. Kwa hiyo timu mbili zinaweza kumaliza msimu bila kupoteza hata mechi moja, bila kukutana, na bila kuwa na mpinzani waliyecheza naye wote wawili. Nani bora? Hapo ndipo inapobidi watu wakae na kupiga kura.

Kura hizo zina umri mkubwa. Shirika la habari la Associated Press, AP, lilianza kura yake ya kila wiki mwaka 1936, chini ya mhariri wake wa michezo Alan Gould, na Minnesota wakawa mabingwa wa kwanza kutawazwa kwa njia hiyo. Gould hakuficha lengo lake: alitaka magazeti yawe na habari ya kuwapa watu cha kubishania kati ya Jumamosi moja na nyingine. Mwaka 1950 AP wakaongeza kura ya kabla ya msimu. Notre Dame wakawekwa nafasi ya kwanza. Mapema Oktoba wakachapwa nyumbani na Purdue 28-14, wakamaliza na ushindi wa mechi 4, vipigo 4 na sare 1, na Oklahoma wakachukua ubingwa. Utabiri wa kwanza kabisa ulikwenda kombo.

Hesabu ya kura yenyewe ni nyepesi. Wapiga kura wa AP ni waandishi na watangazaji wa michezo zaidi ya 60 kutoka majimbo mbalimbali. Kila mmoja anaandika timu 25 kwa mpangilio wake. Timu aliyoiweka ya kwanza inapata pointi 25, ya pili 24, na kushuka hivyo hadi ya mwisho inayopata pointi 1. Pointi zote zinajumlishwa, orodha inatangazwa.

Kazi ngumu inakuja pale mwandishi anapokaa mbele ya karatasi tupu mwezi Agosti. Anaangalia timu ilivyomaliza mwaka uliopita, wachezaji wangapi wamebaki, na kama kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, ni mzoefu au mgeni. Anaangalia kocha. Anaangalia vijana waliosajiliwa kutoka shule za sekondari. Na bila kukusudia, anaangalia jina. Vyuo kama Notre Dame, Ohio State, Alabama na Texas vina historia inayomsukuma mtu kuviweka juu hata pale ushahidi unapokuwa haba.

Siku hizi kazi hiyo imezidi ugumu. Mwaka 2021 wachezaji waliruhusiwa kuhama chuo mara ya kwanza bila kukaa nje msimu mzima, na pia kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao katika biashara. Timu inaweza kuonekana mpya kabisa ndani ya miezi minane. Mwandishi anayetegemea kumbukumbu ya Januari anaweza kujikuta Septemba anatazama kikosi asichokifahamu.

Kama orodha ya Agosti ingekuwa burudani tupu, ubishi ungeishia vijiweni. Lakini kwa miaka mingi imekuwa na uzito, kwa sababu wapiga kura wana tabia moja inayojulikana: timu isiyopoteza hawaishushi kwa urahisi. Ukianza juu na ukashinda, unabaki juu. Ukianza chini, unalazimika kungoja walio mbele yako wajikwae.

Waulize watu wa Auburn kuhusu mwaka 2004. Kabla ya msimu ule USC waliwekwa wa kwanza na Oklahoma wa pili. Auburn walianza nafasi ya 17. Timu zote tatu zikashinda kila mechi kabla ya fainali. Wakati huo ni timu mbili tu zilizoingia kwenye fainali, zikichaguliwa kwa mchanganyiko wa kura na kompyuta, na msimu ulipokwisha USC na Oklahoma walikuwa kwenye nafasi zao zilezile za Agosti. Auburn walishinda mechi 13 kati ya 13 na kuitazama fainali kama watu wengine wote. USC waliwachapa Oklahoma 55-19. Baada ya msimu huo AP walikataa kura yao itumike tena katika kuchagua timu za fainali. Auburn hawakuwa na pa kukata rufaa, maana hakuna aliyewafunga; kilichowaangusha ni mahali walipoanzia.

Halafu kuna suala la konferensi. Konferensi ni umoja wa vyuo unaoendesha ligi yake, unaouza haki za matangazo ya televisheni na kugawana mapato. Kubwa leo ni nne: SEC ya kusini-mashariki yenye vyuo 16, Big Ten ambayo licha ya jina lake ina vyuo 18, Big 12 yenye 16, na ACC. Mashabiki wa Alabama na Auburn hawapikiki chungu kimoja, lakini timu ya SEC inapomnyoosha mgeni, herufi hizo tatu huimbwa jukwaani na watu ambao Jumamosi iliyotangulia walikuwa wakizomeana. Kati ya misimu ya 2006 na 2012 timu za SEC zilitwaa ubingwa wa taifa mara 7 mfululizo, na majivuno ya miaka ile hayajapoa.

Hapo mabishano yanapata moto wake wa kweli. Tuseme konferensi moja imeingiza timu 10 katika orodha ya Agosti, kama SEC walivyofanya mwaka 2025, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa. Timu hizo zinapokutana zenyewe kwa zenyewe, mshindi anahesabiwa kuwa kamfunga mpinzani mkubwa, na aliyefungwa anaambiwa si aibu, kapoteza kwa timu kubwa. Ushindi unapandisha, kipigo hakishushi sana. Shabiki wa Big 12 anayeona timu zake chache tu kwenye orodha analalamika kwamba mzani umeshapinda kabla ya kipenga cha kwanza. Shabiki wa SEC anajibu kwamba timu zake ziko juu kwa sababu ni bora. Shabiki wa Big Ten naye anaongeza lake: sisi tunacheza mechi 9 za ndani ya konferensi, ninyi mlikuwa mnacheza 8. SEC wameamua kuhamia mechi 9 kuanzia msimu wa 2026.

Hili si suala la fahari peke yake. Tangu mwaka 2024 hatua ya mtoano inachukua timu 12. Katika misimu ya 2024 na 2025, nafasi 5 zilitengewa mabingwa wa konferensi walio juu zaidi kwa ubora. Zile 7 zilizobaki ziligawiwa na kamati ya watu 13. Katika utaratibu huo, kila timu iliyoingia iliiletea konferensi yake dola milioni 4, na fedha zaidi kila ilipovuka hatua. Kamati hutoa orodha yake msimu ukiwa umeshafika mbali na haiifuati kura ya AP, lakini mashabiki wengi wanaamini kwamba macho ya wajumbe yameshaiona orodha ya Agosti, na wazo lililotangulia kichwani ni gumu kuling'oa.

Tena mashabiki wamejifunza kwamba konferensi inaweza kusambaratika. Pac-12, ngome ya vyuo vya pwani ya magharibi kwa zaidi ya karne, iliondokewa na vyuo 10 kati ya 12 mwaka 2024. USC, UCLA, Oregon na Washington walikwenda Big Ten. Wengine walitawanyika Big 12 na ACC. Oregon State na Washington State wakabaki wawili kwenye nyumba tupu. Mtu aliyeyaona hayo akisikia konferensi yake inaitwa dhaifu, anasikia zaidi ya kejeli.

Miongoni mwa waliohama walikuwemo Arizona State. Walipoingia Big 12, waandishi waliwatabiria nafasi ya 16, yaani ya mwisho. Wakachukua ubingwa wa konferensi hiyo msimu huohuo wa 2024, wakaingia kwenye mtoano, na siku ya Mwaka Mpya wakawabana Texas mbavu hadi muda wa nyongeza wa pili kabla ya kushindwa 39-31.

Hawakuwa wa kwanza kuwaumbua watabiri. Mwaka 1984 BYU, chuo cha jimbo la Utah, hawakuwamo katika orodha ya kabla ya msimu. Wakafungua kwa kuwalaza Pittsburgh waliokuwa wa tatu, 20-14, wakashinda mechi zote 13 na kutawazwa mabingwa, huku wapinzani wakilalama kwamba konferensi yao ilikuwa dhaifu. Na tarehe 1 Septemba 2007, mbele ya watu zaidi ya 109,000 mjini Ann Arbor, Michigan waliokuwa wa tano waliikaribisha Appalachian State, timu ya daraja la chini yake. Sekunde za mwisho Michigan walikuwa nyuma 34-32 na walihitaji teke moja tu. Corey Lynch akapenya, akauzuia mpira kwa mwili wake, akaudaka na kukimbia nao. Wiki iliyofuata Michigan hawakuonekana kokote kwenye 25 bora.

Msimu wa 2025 ulikuwa darasa kamili. Texas waliwekwa wa kwanza kabla ya msimu kwa mara ya kwanza katika historia yao. Wakafungwa mechi ya ufunguzi na Ohio State 14-7, na hatimaye wakakosa mtoano. Penn State, wa pili, walipoteza mechi tatu mfululizo, mojawapo kwa UCLA ambao walikuwa hawajashinda hata moja, na kocha James Franklin akafukuzwa Oktoba. Clemson, wa nne, walilala nyumbani kwa LSU siku ya kwanza. Na wale Florida State wa Dublin? Safari hii hawakuwekwa popote, wakawashangaza Alabama waliokuwa wa nane kwa 31-17, wakaruka hadi nafasi ya 14, kisha wakaporomoka tena na kumaliza na ushindi 5 na vipigo 7.

Indiana walianza nafasi ya 20. Ni timu iliyojulikana kwa vipigo kwa zaidi ya karne, na mwaka 2023 tu ilikuwa imeshinda mechi 3. Chini ya kocha Curt Cignetti walishinda kila mechi, wakiwang'oa Ohio State 13-10 katika fainali ya Big Ten na Alabama 38-3 katika mtoano. Fainali ya taifa ilichezwa tarehe 19 Januari 2026 katika Hard Rock Stadium, uwanja ambao wapinzani wao, Miami, huutumia kama nyumbani. Robo ya mwisho, wakihitaji yadi 4 katika jaribio la nne na la mwisho, Indiana hawakuchagua teke la kulenga milingoti. Kwotabeki Fernando Mendoza, kijana aliyekulia Miami, aliushika mpira mwenyewe, akagongwa, akayumba, akajirusha mpaka akavuka mstari wa goli. Indiana 27, Miami 21. Mechi 16, ushindi 16, na ubingwa wa tatu mfululizo kwa Big Ten. SEC, wenye timu 10 katika orodha ya Agosti na 5 katika mtoano, hawakuwa na timu kwenye fainali kwa mwaka wa tatu.

Usiku uleule, wachezaji wa Indiana wakiwa bado wanasherehekea, vyombo vya habari vilianza kutoa makadirio yao ya 25 bora ya msimu wa 2026, na mashabiki wa konferensi zote wakaanza kuhesabu timu zao.