Roho Iko na Akili, Lakini Haijui Aviator

Mtaani kuna ushauri kila msee anajua kugawa: "Weka mafeelings kando, tumia kichwa." Ukiachwa na dem, unaambiwa hivyo. Ukitaka kuwacha job, hivyo hivyo. Manze, kuna jamaa aliishi karibu bila mafeelings, na maisha ilimchapa ile mbaya.

Vitabuni anaitwa Elliot. Alikuwa na job fiti na familia, hadi akapata uvimbe kwa ubongo, hapo nyuma ya paji la uso. Madaktari wakautoa, na kipande cha ubongo kikaenda nao. Antonio Damasio, daktari wa ubongo mzaliwa wa Ureno aliyekuwa Iowa, Marekani, akampima: akili juu, kumbukumbu fiti, lugha fiti. Lakini jamaa alikuwa anasimulia venye maisha yake imebomoka ni kama anasoma risiti ya supamaketi. Kazini angekaa mchana mzima akijiuliza apange makaratasi kwa tarehe ama kwa saizi. Akafutwa, akaingia biz na msee hakuwa wa kuaminika, ganji yote ikaisha, ndoa nayo ikavunjika.

Mgonjwa mwingine alipewa siku mbili, achague moja ya kurudi kliniki. Alipiga hesabu karibu nusu saa: mara hali ya hewa, mara shughuli zingine. Damasio alipomwambia aje ile siku ya pili, akasema sawa, akajitoa. Hesabu haina mwisho, jo. Kwa Damasio, kitu inakuambia "imetosha, chagua" ni hisia.

Damasio na wenzake, akina Antoine Bechara, walitunga game ya kadi, wakaitoa 1994. Mafungu manne. Mawili yanalipa dola 100 kila kadi, lakini faini zake ni kali: ukivuta kadi 10, uko chini dola 250. Mengine yanalipa 50 tu, ila kadi 10 zinakuwacha juu dola 250. Wasee wazima walianza kutoa jasho kwa viganja wakitaka kugusa fungu baya, na bado hawajui kueleza ni kwa nini. Wagonjwa wa aina ya Elliot, mikono mikavu. Wengine wao walishika rada ya game, wakaweza kukuonyesha fungu gani linakula doo, na bado wakavuta hapo hapo. Kujua walijua. Kuskia ndio hawakuskia.

Sasa watu wa mkeka wanafurahi: so nikiskia kwa roho ndege ya Aviator, ile game ya kubet, inapaa, nitie thao? Zii!

Hilo jasho la Iowa lilikuwa limefunzwa. Mafungu hayakubadilisha tabia, mwili ukachomeka, ukashika. Ndio maana kange mkongwe anajua nani atahepa na fare hata kabla aingie mat, na mama mboga anajua nani wa kukopeshwa sukuma. Hiyo hisia wameilipia miaka. Aviator haina tabia ya kufunzwa. Kila raundi inaanza upya, na ile ndege haikumbuki ilikufanyia nini jana. Lakini roho yako bado itakuambia "hii inafika mara kumi", na itatumia sauti ile ile inatumia ikikuonya kuhusu ajenti wa keja mwongo. Noma iko hapo.

Halafu kuna uchungu. 1979, Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kuwa kupoteza soo kunauma kuliko venye kupata soo kunafurahisha, na mtu akishakuwa chini anapenda kurusha dau kubwa ndio arudi sufuri. Kampuni za kubet hazihitaji ukuwe fala. Zinahitaji tu ukuwe umeumia, na simu ikuwe mkononi.

So ukichomeka leo usiku, usiende Fuliza kutafuta yako irudi. Zima data, lala, na kesho ulipe keja kwanza.